Sindano ya Asubuhi

Musimbi alimtoboa paka wake sikioni, akagusisha tone la damu kwenye kipimo cha sukari. Sindano ya insulini, uniti mbili za kila asubuhi, ilikuwa tayari mkononi.

Kipimo kilisoma mbili nukta nane, sukari ya chini mno. Jana ilikuwa kumi na nne. Paka alikuwa akitetemeka.

"Mzee, umemdunga huyu?"

Mumewe, ambaye hajawahi hata kumpapasa paka huyo, alisimama mlangoni na matope ya mtaa wa Munyaka kwenye viatu vyake vya gambuti.

"Ulikuwa umelala, nikaona nikusaidie. Nimekosea?"

Musimbi aliweka sindano chini.

"Leta asali, haraka!"

Alipoletewa, Musimbi akampaka paka asali kwenye ufizi. Mumewe akapiga magoti, akamshika paka kichwa kwa mikono yote miwili.

"Lamba," akamwambia. "Tafadhali, lamba."

Ulimi ukatoka.