Kitanda cha Zamu

Dobi wa hoteli alifungua mlango wa chumba chake jioni, akakuta kitandani kuna mtu. Saa hizo kitanda kilipaswa kuwa kitupu.

Katika mji ule wa ugenini, mshahara wake wa kijungujiko haukutosha kulipia chumba, kwa hiyo alichangia na mlinzi wa usiku: huyu akirudi, yule ametoka. Walijuana zaidi kwa joto lililobaki kwenye godoro.

"Kulikoni, kaka? Leo huendi kazini?"

Mlinzi hakugeuka. Nyayo zake, zilizovimba kwa kusimama, zilichomoza nje ya blanketi.

"Wamesema nisirudi tena."

Simu ya dobi ikalia. Alikuwa mwenzake wa kazini, aliyemganda wiki nzima akitafuta pa kulala.

"Vipi, nafasi imepatikana? Kodi ninayo mkononi."

Chumba kilikuwa kidogo, kila neno likasikika. Mlinzi alikuwa amebana pumzi. Mwenye nyumba angekuja kesho yake kudai kodi, na hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Dobi alizitazama zile nyayo.

"Hapana, bwana," akasema taratibu. "Huku tumejaa."

Akakata simu, akavua viatu.

"Haya, sogea ukutani."