Kidimbwi chenye Nyuzi Kumi

Saa moja kasorobo asubuhi, katikati ya kipupwe, maji ya kidimbwi nyuma ya nyumba ya Lwitiko yalikuwa na nyuzi kumi za joto. Umande ulikuwa umeganda nyasini. Vidimbwi vya jirani zake vilikuwa na nyuzi nne, kama kawaida, maana siku hizi kila nyumba ya Makete hujipasha kwa joto ambalo mtambo hulinyonya kutoka maji ya mto, kisha hurudisha maji baridi kwenye kidimbwi chake.

"Mzee, samaki wote, trauti wote, wamehamia kwako?" jirani yake Sanga alimtania kutoka kidimbwini kwake. "Huku hata chambo hawakitazami!"

Chini ya nyuzi saba, trauti hawali. Kwa wiki tatu Lwitiko alikuwa akirudi mikono mitupu na kununa. Sasa mshipi ulivutwa kwa nguvu. Alicheka, akakitazama tena kipimajoto kilichokuwa majini, na kicheko kikamkauka. Nyumba yake haikuwa ikichukua joto lolote.

Aliutupa ufito, akakimbia.

Mkewe, Atupele, alikuwa amejikunyata chini ya mablanketi yote, kifua chake kibovu kikikoroma. Koki ya joto ilikuwa imefungwa.

"Mama, umeifunga tangu lini?"

"Tangu jana. Ulininunia mno," alisema. "Umempata samaki?"

"Nimempata. Mkubwa kweli."

Alifungua koki, akaingia kitandani, akaikumbatia miguu ya mkewe kifuani.

Saa tatu, Sanga alipiga kelele huko nje: "Mzee, nyuzi nne! Wamekwisha kukukimbia!"

Nyumba ilikuwa imepata joto, lakini miguu ya Atupele ilikuwa bado baridi.