Kitufe cha Waridi

Mize alimwomba mumewe Kombo, fundi wa tovuti, akipake kijani kitufe cha kuagizia mikate yake. Kombo akaandika kijani. Kitufe kikang'ang'ania rangi ya waridi.

“Baba Asha, waridi hii ya nani?”

“Kitufe nimekitoa kwenye kiolezo cha zamani. Rangi nimeiandika nje, kiolezo hakikuipitisha ndani.”

“Kiolezo hicho ulimtengenezea nani?”

“Mteja.”

“Mteja hana jina, au ndiye Waridi mwenyewe?”

Kombo akacheka peke yake, akafungua kiolezo, akaongeza neno la kuipitisha rangi. Kitufe kikawa kijani kibichi.

“Haya, roho imetulia?”

Mize akasogeza kishale cha kipanya juu ya kitufe, kikageuka waridi. Akakiondoa, kijani. Akakirudisha taratibu, waridi. Nyuma yake, Kombo alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.