Nyota ya Udongo

Sikilizeni, enyi walimwengu: nyota ya Rukia ni ya udongo, na mtu wa udongo hatikisiki! Ndivyo mnajimu alivyopata alipojumlisha herufi za jina lake na la mama yake. Basi Rukia akaikataa kazi ya kuzunguka na wapima ardhi, akatulia nyumbani. Tangu alfajiri amefagia ua mara nne.

"We Rukia, unachimba kisima?" aliuliza shangazi yake. "Hebu niambie, ulimtajia mnajimu mama gani?"

"Mama Salha."

"Salha kakulea tu! Hesabu inataka aliyekuzaa."

Gari la wapima ardhi lingeondoka adhuhuri. Rukia akaenda taratibu kwa mnajimu, hesabu ipigwe upya.

Haya, nimedanganya. Alikimbia, viatu mkononi, na uchochoro wa mnajimu akaupita bila kuingia.