Joto la Shokapu

Gari la mashindano liliingia kwenye kituo cha matengenezo likiwa limetapakaa tope hadi kwenye vioo. Fundi Tausi hakuangalia saa. Alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, ambako alikuwa amefunga shokapu kuukuu aliyoifumua na kuifufua kwa mikono yake, baada ya mpya ya dukani kufa njiani jana.

"Mpya nyingine hii hapa," alisema Bwana Hemedi, mwenye gari, akiwa amekumbatia boksi. "Hiyo yako ya kuungaunga itoe kabla haijaniaibisha."

"Iguse kwanza," Tausi akasema.

Shokapu iliyokufa hurudi baridi, maana haikufanya kazi. Mashimo yote ya njiani huishia mgongoni kwa dereva. Iliyo hai huyameza, ikarudi inawaka. Kila fundi pale alilijua hilo, ndiyo maana waliweka spana chini wakasogea.

Hemedi akainama, akagusa, akarusha mkono nyuma kama aliyeumwa na nyuki. Mafundi wakaangua kicheko. Dereva, Kiondo, akatoa kichwa dirishani.

"Bosi, leo mgongo hauniumi hata kidogo. Iacheni hapo hapo."

Hemedi akalitazama boksi lake, akaliweka chini, akalikalia huku akipuliza vidole. Tausi naye akaweka kiganja chake kilichoota sugu juu ya chuma kile kile, akakiacha hapo mpaka kipyenga cha kuondoka kilipolia.