Kurasa Tatu Zilizobaki

Saa kumi alasiri, msusi Mwanakombo alifika mstari wa mwisho. Mteja wake, Rukia, alikuwa akisoma riwaya kwa sauti tangu asubuhi, kwani katika saluni hiyo anayesukwa ndiye huwasomea wengine. Mama wa riwayani alikuwa mlangoni kwa mwanawe waliyepoteana naye, hajabisha hodi. Zilibaki kurasa tatu, na Mwanakombo hakujua kusoma.

"Tayari, shoga?" Rukia aliuliza, akifunga kitabu.

"Bado. Mstari huu umepinda."

Rukia alitazama kioo. Mstari ulikuwa umenyooka, na Mwanakombo alikuwa ameshaanza kuufumua, machozi yakimlengalenga.

"Wewe nawe! Basi fumua na wa pili, usije ukanimaliza kabla ya kitabu," alisema Rukia, akaendelea kusoma.