Firigisi ya Mwandishi

Baba alinyoosha mkono kuichukua firigisi iliyokuwa kwenye sahani ya mgeni.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta jogoo kutoka Matungu. Aliona jina la kiume kwenye riwaya ya Kijerumani ninayoitafsiri, akatangazia jamaa wote kwamba mwandishi mwanamume atakula kwangu mimi bintiye, hapa Amalemba. Kumbe mwandishi ni mwanamke, Ulrike, na jina hilo la kiume alijipachika ujanani, wachapishaji wa kwao walipoyakataa mashairi ya mwanamke.

"Pole, Madam," baba alimwambia. "Hii wanawake hawakulangi. Ni ya mwanaume."

Nikamtafsiria. Ulrike akaishika sahani yake.

"Mwambie mwandishi ndiye aliyechinjiwa jogoo," akanijibu kwa Kijerumani. "Na mwandishi ni mimi."

Nikatafsiri bila kupunguza neno.

"Ni wewe unaniambia hivyo?" baba aliniuliza.

"Ni yeye, baba. Mimi natafsiri tu."

Ulrike akaikata firigisi katikati. Ilikuwa ngumu, ikateleza mara mbili chini ya kisu. Nusu akaiweka juu ya ugali wangu.

Tangu utotoni nimepasua firigisi, nikazimenya na kuzipika. Ladha yake sikuijua.

Mama aliinamisha uso. Baba alinitazama, akingoja niirudishe. Safari hii sikuwa na neno la mtu la kujifichia.

Nikaitia mdomoni, nikatafuna polepole mpaka ikaisha.

"Baba," nikasema, "nisongezee chumvi."